Sadoki na landrova ya Lubarika

Jana nimepiga namba yako mara mbili, Sadoki. Najua hakuna wa kupokea. Kidole kilienda chenyewe.

Ndugu na marafiki, réseau ya simu imerudi jana asubuhi na wengi mnaniuliza kama ni kweli. Ni kweli. Fundi Sadoki wa mtaa wetu wa Songo, mwenye garaji iliyopakana na duka langu la pièces za magari, ametuacha. Mtanisamehe makosa ya kuandika.

Wengi mlimjua kwa ile landrova ya kijani. Wachache mnajua ilifikaje Uvira.

Tulikuwa bado shule ya primaire vita ya kwanza ilipotukuta. Baba yake, Papa Yona, alikuwa dereva wa kanisa. Siku moja alienda na landrova kuchukua wagonjwa upande wa Luvungi. Watu wenye silaha wakamsimamisha njiani. Hatukumwona tena, yeye wala gari.

Carte rose, karatasi ya umiliki wa gari, aliisahau juu ya meza. Mama yake Sadoki aliamini siku zote kwamba karatasi ile ingemuokoa mume wake.

Miaka ikapita. Motard mmoja wa Luvungi, dereva wa pikipiki, akaniambia dukani: landrova ya zamani iko Lubarika, mbuzi zinalala ndani.

Minye, mimi Neema, ndiye nilimpelekea Sadoki hiyo habari. Minye.

Swali lake la kwanza: "Taa ziko wapi?" Zile za zamani sana taa zake ziko katikati, kwenye wavu wa mbele. Zilizofuata ziko pembeni, kwenye mudigadi. Ya Papa Yona zilikuwa katikati. Nikampigia motard. Katikati.

Kesho yake tukaenda. Vita ilikuwa imeanza tena kushuka kuja kwetu, na milio ya risasi ilisikika vilimani tangu asubuhi. Niligeuka nyuma mpaka shingo ikaniuma.

Mwenye nyumba, Mama Konsolata, mjane mkulima, alitupokea mlangoni bila kutukaribisha. "Batoto yangu, muko naniletea kesi? Sikuiba mie. Batu ya bunduki baliiacha hapa mu vita ile, mafuta ikabaishia. Marehemu bwana yangu akaivuta na ng'ombe mpaka nyuma ya nyumba."

"Hapana, Mama," Sadoki akamwambia. "Minye niko natafuta namba tu."

Namba ya mota haisemi kitu, mota hubadilishwa. Ya chasi ndiyo inasema ukweli. Akaingia chini upande wa kuume, karibu na springi ya mbele, akamwaga mazutu, yaani dizeli, kulainisha, akasugua kutu kwa brosi ya waya. Mimi nilisimama na ile carte rose mkononi, yenye namba ya chasi ya gari la baba yake.

Akawa anasoma, nami nafuata kwa kidole. Ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tatu sawa. Nikaanza kulia kabla hatujamaliza.

Zikabaki tatu za mwisho.

"Soma tena, Neema."

Nikasoma. Akasugua, akasema nisome tena. Mara nne. Hazikulingana. Niliona miguu yake tu, haitikisiki.

"Twende, Sadoki. Milio iko nakaribia."

Akatoka, uso wote kutu. "Hii nayo ilikuwa na dereva wake," akasema. "Tuichukue."

Mama Konsolata hakutaka pesa. Alitaka mashine ya kusagia mihogo ya marehemu mume wake izunguke tena. Sadoki alirudi Lubarika siku tatu, njia ile ile, na mimi dukani sikuweza hata kuwajibu wateja. Siku ya tatu mashine ikanguruma. Chef wa kijiji akaandika barua kwamba gari imekabidhiwa.

Lori la mihogo likaivuta. Tulipofika bariyeri ya barabarani, askari akataka carte rose.

Nikamnong'oneza: "Toa ile ya baba yako. Nani atalala chini kusoma namba?"

"Ile ni ya baba."

"Weye, batatuua!"

"Neema, nyamaza kidogo."

Akatoa barua ya chef. Askari akasema haitoshi, hii ni gari ya waasi. Tulikaa juani mpaka mchana ukaisha. Mnisamehe, lakini nilikojoa kwa woga. Mwishowe mkubwa wao akaja, akafungua boneti, akacheka: "Hii haiwezi kubeba hata kuku. Waende."

Aliitengeneza msimu mzima wa mvua. Alikata busi za springi kwenye matairi ya lori. Siku ilipowaka, mama yake akaketi mbele, akanusa kiti. "Siyo ile," akasema, "lakini inanuka vilevile."

Halafu vita ikafika mjini.

Sadoki aliwapeleka kwanza mama yake na watoto wangu hadi mpaka wa Kavimvira, wavuke. Akarudi. Akapeleka wazee na wamama wenye watoto wachanga. Akarudi tena. Alikuwa amebaki jirani yetu Mama Riziki; nilishika mlango wa gari nikimwomba Sadoki asiende tena. Akasema, "Mama Riziki hawezi kutembea, unataka nimwache?"

Bati ya landrova ni laini. Risasi ilipita mlangoni.

Mama Riziki, aliyeketi kando yake, yuko hai. Ameniambia Sadoki aliegesha gari pembeni, akavuta breki ya mkono, ndipo akalaza kichwa kwenye usukani.

Tulimzika tukiwa watu sita tu, haraka, tukiinama.

Leo nimempata mama yake kwa simu, ng'ambo ya mpaka. Nilipanga maneno tangu juzi, yote yakapotea. Kisha akaniuliza kitu kimoja tu: "Siku ile alikuwa amekula?"

Nikamwambia ndiyo. Sijui, Sadoki. Sijui kama ulikuwa umekula.

Kama nisingekuambia habari ya Lubarika ungekuwa hai. Na watoto wangu je? Nalizungusha hili kichwani tangu siku ile.

Huku Songo bado tunalala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Weye vua vyako, ndugu yangu. Lala.