Siku Niliyoomba Nipigwe Kigogo Mkononi

Aibu hii bado inaniwasha masikio, maana mwanaume aliyezimia katikati ya wanawake wanaobangua korosho pale Mkomaindo, mkimsikia akisimuliwa, ni mimi.

Nilikuwa nimepanga chumba hapo (mimi sikai mahali pamoja, msimu huu Masasi, msimu ujao Newala, na shule niliiacha darasa la sita), na juu ya kifundo cha mkono wa kulia ukaniota uvimbe wa duara, mgumu kama njugumawe, ukiubonyeza unateleza. Mkono huo ndio unaonilisha, nao ukaanza kuuma nikibeba magunia. Nikajiambia ni saratani. Sikumwambia mtu, kwa sababu sikuwa na wa kumwambia.

Mzee mmoja niliyebeba naye mizigo Lisekese akauona mwenyewe, akanishauri upigwe mara moja tu upasuke, ila apige mtu mwingine, kwani mwenyewe utajihurumia. Hapo nikakwama. Mtu mwingine nimtoe wapi? Katika majirani wote nililijua jina la Mama Zuhura tu, na hilo kwa kulisikia likiitwa ng'ambo ya ukuta. Nikamfuata uani, alipokuwa akibangua na wenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo umepotea njia?"

Nikamweleza shida yangu, nikamwonyesha na kigogo chake cha kubangulia. Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Nikikuvunja je?"

"Piga tu, mama."

Akaulaza mkono wangu juu ya jiwe, akaukandamiza. Kiganja chake kilikuwa cheusi kwa mafuta ya maganda, tena cha moto, na sikukumbuka ni lini mtu alinishika mara ya mwisho. Machozi yakanilenga.

"Mwanaume mzima unalia, hata sijapiga!"

Kigogo kikashuka, nikauvuta mkono, kikatua kwenye dole gumba. Kilichofuata sikikumbuki vizuri, ila nilizinduka ndani ya bajaji, maganda ya korosho yamenigandia shavuni.

Hospitalini daktari akamuuliza Mama Zuhura, "Huyu ni nani wako?"

"Simjui, daktari. Amekuja tu kuomba apigwe."

Benchi zima likaangua kicheko. Kicheko nilikivumilia. Lile "simjui" ndilo lililonichoma.

Daktari akaumulika uvimbe kwa tochi, mwanga ukapenya. Akasema ndani kuna ute mzito uliotoka kwenye kiungo, si saratani, mara nyingi hupotea wenyewe. Ukizidi kuuma hunyonywa kwa sindano au hukatwa, ingawa unaweza kurudi, na kuupiga ni kutafuta kuvunja mfupa.

"Kwa hiyo sifi?"

"Kwa uvimbe huu, hapana. Ila ukiendelea na dawa za kigogo, sijui."

Uvimbe bado ninao. Sitaupigisha tena, naapa. Na nikihamia mahali, kabla sijafungua begi nitapiga hodi kwa majirani niwaambie jina langu, nikiwa bado siumwi chochote.