Nimeulizwa Lugha, Nikataja Kimeru

Wenzangu, leo nimeulizwa najua lugha gani, nikachekwa!

Nilienda Makutano kuomba nafasi kwa darasa la bure la kutengeneza gemu za simu, mtoto wangu Kendi akiwa amelala mgongoni.

Mwalimu akauliza, "Mama, unajua lugha gani?"

Nikasema Kiembu, Kiswahili, na Kimeru cha kuolewa.

Kicheko! Kumbe ni lugha ya kompyuta. Ati gemu ina injini, na injini ina lugha yake.

Injini? Na sikuona gari.

Nikageuka niende zangu. Mwalimu akaniita.

"Kimeru ulifunzwa na nani?"

"Mama mkwe, jikoni."

"Basi injini ni kama hilo boma la mama mkwe. Ukiingia, unajifunza lugha ya hapo. Njoo Jumatatu."

Nimepata nafasi! Lakini bado sielewi, sasa nimeolewa tena?

Nani atamwambia Baba Kendi?