Makoti ya Rangi ya Jabali

Kosa langu la mwanzo katika ushonaji lilikuwa rangi. Mishono niliifumua mara nne, mifuko niliipima kwa rula, lakini rangi niliichagua kwa kutazama picha.

Picha yenyewe ilikuwa ya kijiji cha mwenzangu wa chumba, hapa bwenini Guangzhou. Anatoka bonde la mbali huko Nepali, katika milima ya Himalaya. Nyumba za mawe chache tu, na pande zote zimezungukwa na pori la akiba ambako wageni huja kuwinda kondoo wa mwitu. Aliniomba makoti tisa ya baridi, la mama yake na ya wachungaji wenzake. Mimi ushonaji nimejifunza kwa simu. Hakuna aliyewahi kuniamini kwa kazi kubwa hivyo. Kwa kuogopa kuaibika, nilizunguka maduka ya vitambaa ya Kangle siku nzima, simu mkononi, nikiilinganisha picha na kila jora, hadi nikapata kijivu kilichofanana kabisa na majabali yale.

"Laoban," muuzaji akaniita bosi kwa kejeli, "unanunua kitambaa au unaoa?"

Makoti yakaondoka na msafiri. Wiki kadhaa baadaye mwenzangu akanionyesha picha mpya, aliyotumiwa na mchungaji mmoja. Mteremko mtupu.

"Haya, kaka, mtafute mama," akasema kwa Kichina chetu cha kuokoteza, huku anacheka.

Nikatafuta. Niliona mawe tu. Akaweka kidole: "Huyu hapa." Kisha kicheko kikamkatika. "Kondoo wetu wa mwitu wana rangi hii hii. Na msimu wa kuwinda unafunguliwa kesho kutwa."

Akatuma ujumbe palepale. Lakini kule mtandao haupatikani mpaka mtu apande juu mgongoni mwa mlima. Siku sita hakuna jibu. Simu yake ikitetemeka, naiwahi kabla yake. Darasani sikusikia neno. Nilijiona nimemshonea mama wa mtu ngozi ya mnyama. Na nikiri hili pia: siku ya pili niliikuza ile picha kuangalia kama mshono wa bega umekaa sawa. Ulikuwa umekaa sawa. Nikajichukia.

Siku ya saba mama akapiga. Mwenzangu alisikiliza, akajifuta uso, ndipo akanitafsiria. Siku ileile makoti yalipofika, akina mama wa kijijini walishona viraka vyekundu mgongoni, vya sketi kuukuu. Mpiga picha alikuwa amesimama mbele ya mama, ndiyo maana hatukuviona.

"Anasema fundi wako anashona vizuri, ila inaonekana hajawahi kuwindwa."

Sikuweza kucheka. Hofu haijaniisha hadi leo. Ila tangu hapo sikati kitambaa cha mtu kabla sijamuuliza anatembea wapi, na nani mwingine anapita huko.