Ng'ombe wa Shemeji Wanalamba Udongo Alioufukia Mume Wangu

Bariadi, Jumapili baada ya misa.
Kwako dada mwenye ukurasa huu. Naomba jina langu ulifiche.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili, mkulima wa pamba. Mume wangu tulimzika wakati wa kuvuna. Alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha ngozi alichofungua tajiri mmoja soko huria lilipoingia. Maji yanayotumika kusindika ngozi yana madini ya sumu, nayo yalimwagwa mtoni, humo humo tunamochimba visima vya mchangani kiangazi. Watu walipolalamika, akaletwa mtaalamu akawafundisha vibarua wa kiwanda kuyachuja. Udongo wa mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi, unafinyangwa vibonge vidogo kama karanga, unachomwa, unajazwa kwenye mapipa, maji yanapita humo. Sumu inabaki imeng'ang'ania udongo.

Mume wangu akakabidhiwa mapipa hayo. Jioni alinawa nje hadi viwikoni ndipo aingie kula. Nilikuwa namtania, "Leo umejisugua kama bwana harusi," naye anacheka. Siku moja akaniambia, "Mama, maji yamepona, sasa udongo ndio mgonjwa."

Udongo ukishajaa sumu hubadilishwa. Tajiri alisema ule wa zamani utupwe popote. Mume wangu akaona mvua itaurudisha mtoni. Akaubeba kwa mkokoteni, akaufukia kwenye kilima chetu, mbali na kisima, akafunika kwa mabati na miiba.

Baada ya matanga, mdogo wake alihamia kwangu kutoka Mwanhuzi na ng'ombe wake, awe msimamizi wa mji wa marehemu. Ngozi hutiwa chumvi, basi na udongo ule una chumvi. Ng'ombe wakaunusa. Nilimkuta shemeji ameng'oa mabati, wanalamba kwa kusukumana.

"Shemeji, huo una sumu!"

"Sumu gani, mayu? Kaka alikuwa mchoyo tu, kaficha magadi yake hadi kafa. Mtazame huyu wa mabaka anavyopiga wenzake pembe! Ng'ombe hapendi sumu."

"Kaka yako aliniambia mwenyewe."

"Basi wewe lima pamba, ng'ombe niachie mimi."

Nilipowaeleza wazee wa ukoo, walicheka. Na kweli, hajafa ng'ombe hata mmoja, ndiyo maana maneno yangu hayana uzito. Maziwa ni mengi. Wajukuu wakileta vikombe nawaambia yameharibika, halafu nayamwaga nyuma ya zizi. Wananiona bibi mbaya. Mengine shemeji anawauzia majirani, na hao siwezi kuwadanganya wote.

Nikienda ofisi ya kata, swali la kwanza litakuwa nani alileta sumu kijijini. Jibu ni mume wangu, aliyeibeba ili watu wasiinywe. Watamlaani kaburini, na shemeji atanifukuza. Nikinyamaza, watoto wa watu wanakunywa.

Nimechoka, ndugu zangu. Nishaurini, nimtaje marehemu, au nifanyeje? Na mkisali, mnikumbuke.