Maziwa ya Kuchemsha

Kwetu, upande wa Bukoba, ng'ombe alikuwa samadi. Baba alifuga wawili kwa ajili ya migomba, na wakizeeka aliwauza bila kugeuka nyuma. Kwa hiyo nilipoolewa Bweranyange, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilicheka kimoyomoyo kumwona mama mkwe akimpangusa ng'ombe macho kwa upindo wa kanga yake. Ng'ombe mwenyewe alikuwa mwekundu, pembe zake ndefu kuliko mikono yangu. Alipopita uani, watu wazima tulimpisha.

"Nyinyi wa Bukoba mnajua mavi yake tu," mama mkwe alinitania. "Huku mbele hamjawahi kufika."

Maziwa ya ng'ombe yule hayakuchemshwa. Tuliyanywa mabichi, au tuliyagandisha kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mama mkwe alinieleza mapema kwamba ukiyaweka motoni, moto unamfuata ng'ombe mwenyewe na kiwele kinakauka. Nikaitikia, "Ndiyo, mama." Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne kwa wamisheni, na sikuamini hata kidogo.

Binti yangu wa kwanza alipokuwa na miezi minane, alianza kuharisha. Maziwa yangu yalikuwa yamekatika baada ya homa, naye aliishi kwa maziwa ya ng'ombe. Alikonda hata shanga za mkononi zikawa zinamvuka zenyewe. Nikampeleka zahanati, na dresa, mtibabu wa pale, akanigombeza mbele za watu: maziwa mabichi yatamuua huyu, chemsha!

Niliporudi sikumwambia mtu. Kila asubuhi mama mkwe akishaingia migombani, nilichemsha kikombe kimoja kwenye sufuria ndogo, huku nikipepea harufu kwa jani la mgomba. Nilimwogopa mama mkwe, lakini kaburi la mtoto nililiogopa zaidi.

Mtoto akapona. Akanenepa, akaanza kutambaa hadi kwenye majivu.

Na ng'ombe akaanza kukauka. Chombo cha kukamulia kilichokuwa kikijaa kikafika nusu, kisha robo. Baba mkwe, ambaye ndiye aliyekamua, alitoka zizini akiangalia ndani ya chombo. Mimi nilijua sababu. Ng'ombe alikuwa na mimba, na ng'ombe mwenye mimba hupunguza maziwa. Hata sisi watu wa samadi tulilijua hilo. Nilijua, na bado chakula kilikuwa hakinishuki.

Siku moja nikashindwa kuvumilia. Nilimkuta mama mkwe akimenya ndizi, nikapiga magoti, nikamwambia yote. Nilikuwa tayari kurudishwa kwetu.

Hakuacha kumenya. "Ile sufuria huioshi vizuri," alisema. "Maziwa yaliyochemka yana harufu yake. Naiosha tena mimi, mzee asije akasikia. Tangu siku ya kwanza."

"Sasa mbona hukunikataza, mama?"

"Mjukuu wangu alikuwa anapona." Akachukua ndizi nyingine. "Lakini ng'ombe hadanganywi kwa kunyamaziwa. Kila asubuhi nampelekea majani, namwambia aliyechemsha ni mimi. Akikasirika, anikasirikie mimi niliyekwisha kula chumvi nyingi. Wewe bado una watoto wa kuzaa."

Nililia pale pale, juu ya maganda ya ndizi. Nilikuwa nimemwona mshamba kwa muda wote huo, na yeye alikuwa amesimama mbele yangu apokee pigo ambalo kwake lilikuwa la kweli kabisa.

Kesho yake nilimtangulia zizini, majani mabichi mkononi. Nikasimama mbele ya pembe zile nikiona haya, jambo ambalo lingemchekesha baba yangu hadi machozi. Kinyambo, lugha ya kule, kilikuwa bado kinanipiga chenga, kwa hiyo nilisema kwa Kihaya changu, polepole ili anielewe: aliyechemsha si mama. Ni mimi.