Faini ya Kuamkia Idi

Watu wa msikitini walikuwa wakiwataja kwa pumzi moja: Mahfudha na Zainab. Akionekana mmoja peke yake, lazima aulizwe, "Mwenzio leo kulikoni, mgonjwa?" Walikuwa chanda na pete, ingawa Mahfudha alikuwa mtu wa Kikwajuni, Unguja, na Zainab mtu wa Wete, Pemba, na hawakujuana hata kwa sura mpaka walipokutanishwa na shida huku Virginia.

Shida yenyewe ilikuwa ya Zainab. Alifika Marekani na mumewe, Abdulghafur, mimba ikiwa kubwa, na ndugu aliyeahidi kuwapokea uwanja wa ndege wa Dulles akazima simu. Mtu akampigia mtu, na huyo akampigia Mahfudha. Mahfudha hakuuliza ni kina nani. Aliwasha gari, akaenda kuwachukua, akawapa chumba chake, yeye na binti yake Sundus wakatandika sebuleni. Zainab alipojifungua, aliyemkanda kwa maji ya moto alikuwa Mahfudha, aliyempikia uji wa pilipili manga alikuwa Mahfudha, na aliyekesha na mtoto ili mama apate lepe la usingizi alikuwa huyo huyo. Asubuhi akiamka anakwenda kazini Fairfax, kuhudumia wazee majumbani mwao, macho mekundu.

Miaka ikapita, Mungu akawafungulia Zainab na mumewe riziki. Wakafungua duka kubwa Annandale, katikati ya daktari wa meno na duka la mikate la Wakorea: nyama ya halali, mchele, muhogo wa barafu, ndizi mbichi, na jiko dogo nyuma la kukaangia vitafunio. Mahfudha alilitangaza duka lile utadhani lake. Harusini, matangani, kila alipokaa na wanawake wenzake: "Mnakwenda wapi mbali? Nendeni kwa Zainab."

Tatizo la duka lilikuwa maegesho. Wanafunzi wa chuo cha jirani walikuwa wakiacha magari yao pale tangu asubuhi, wateja wanazunguka hawapati pa kusimama. Zainab ndiye aliyemshikilia mwenye jengo mpaka akaleta kampuni ya kulinda eneo. Kampuni ikasimika nguzo zenye kamera na mabango: kuegesha ni kwa muda wa saa mbili tu, zaidi ya hapo utatozwa. Wafanyakazi na wageni wa duka walisamehewa, ilimradi namba za magari yao ziingizwe kwenye mashine iliyokuwa kando ya sanduku la fedha.

Siku ya kuamkia Idi, Mahfudha akiwa nyumbani anashona pindo la gauni la Sundus, simu ikalia.

"Shoga, nimekwama," alisema Zainab. "Mpishi wangu hajatokea, na sambusa zimeagizwa kufa mtu. Njoo uninusuru."

"Zainab, leo ndiyo siku yangu ya kupumzika. Miguu yote imenivimba."

"Nimwambie nani mwingine, dada yangu? Nina nani mimi hapa?"

Mahfudha alivaa baibui akaenda. Alipofika alisimama mlangoni, funguo mkononi. "Gari nilipeleke nyuma ya benki? Isije ile kamera yenu ikanila."

"Uende wapi na miguu hiyo? Liache papo hapo. Namba yake nitaiingiza mimi mwenyewe. Hapa ni kwako."

Mahfudha akafunga kanga kiunoni, akaingia jikoni. Alikunja manda, akajaza nyama, akakaanga, mafuta yakamrukia mkononi, hakulalamika. Kuna wakati Zainab alikuja na simu akampiga picha ya video, anacheka: "Jamani, huyu ndiye dada yangu Mahfudha! Tangu asubuhi yuko hapa anatukaangia. Njooni, moto moto!" Mahfudha akajifunika uso kwa upande wa mtandio, naye anacheka. Mpaka adhana ya alasiri ikalia kwenye simu yake ndipo alipopata kukaa chini. Akapewa mfuko wa sambusa na busu la shavu, akarudi zake.

Idi ikaja, ikapita. Kisha ikaja barua ya kampuni ile, na picha ya gari lake likiingia na nyingine likitoka. Anadaiwa kwa kuzidisha muda. Mahfudha wala hakushtuka. Siku ile ile aliipeleka kwa Zainab.

"Ah, nilisahau kuingiza namba!" Zainab alijipiga kipajini. "Pole, shoga. Niachie mimi, nitawaandikia leo leo wafute." Akaisukuma barua chini ya mashine ya kuhesabia.

Mahfudha akaisahau. Ikaja ya pili, deni limepanda, na maneno ya kutisha: asipolipa, deni litakabidhiwa kwa wakusanya madeni, na jina lake litaharibika kwa wakopeshaji. Hapo ndipo alipoingiwa na hofu, kwa sababu Sundus alikuwa anatafuta chumba karibu na chuo chake Fairfax, na mwenye nyumba alitaka mama awe mdhamini. Alimpigia Zainab mara kadhaa. Mara Zainab yuko na wateja, mara yuko njiani, mara, "Nitawaandikia leo, subiri kidogo."

Sundus alipoona mama yake hali vizuri, alikaa naye mezani wakaandika rufaa. Mahfudha alisema kwa Kiswahili, binti akaandika kwa Kiingereza: nilibaki kwa sababu mwenye duka aliniomba nimsaidie, na aliniahidi kunisajili. Ukweli mtupu, hawakutia chumvi. Jibu likarudi fupi: rufaa imekataliwa. Alipompigia Zainab tena, akaambiwa, "Nimeshawaandikia, shoga, subiri kidogo."

Mchana mmoja, mzee anayemhudumia akiwa amesinzia kwenye kiti chake, Mahfudha alitoka barazani akaipigia kampuni mwenyewe. Akapokea mwanamke aliyejitaja kwa jina la Bridget, sauti ya upole.

"Tuliliangalia suala lako, bibi," alisema Bridget. "Tukawauliza wenye duka. Wao ndio wangeweza kukuokoa."

"Ndiyo. Wamesema nini?"

"Unataka nikusomee?"

"Nisomee."

Akamsomea. Mwanamke huyu ni mteja tu. Hatukumwomba abaki, na hatuna uhusiano naye wowote. Chini yake, jina: Zainab.

Mahfudha alidhani Kiingereza kimemponyoka. Akamwomba arudie, polepole. Bridget akarudia, polepole. Maneno yalikuwa yale yale.

"Bibi, bado uko nami?"

"Nipo," alisema Mahfudha. Akashukuru, akakata simu, akaingia ndani kumgeuza mzee asiumie mgongo. Mikono ilifanya kazi yake kama kawaida. Yeye mwenyewe hakuwapo.

Alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Alikwenda dukani moja kwa moja. Zainab alimwona tangu mlangoni, akachangamka: "Shoga! Leo wameleta maboga mazuri, nimekuwekea."

Mahfudha alisimama mbele yake. "Zainab, mimi nani wako?"

"Ala! Swali gani hilo?"

"Nijibu. Mimi nani wako?"

Zainab akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Alimwachia mfanyakazi sanduku la fedha, akamshika Mahfudha mkono, akamvuta mpaka kwenye magunia ya mchele ambako hakuna wateja.

"Sikiliza, usikasirike," alinong'ona. "Wiki ile ile kampuni iliponiuliza, walikuwa wamekuja wakaguzi wa afya. Wamenionya. Kila anayepika humu lazima awe na cheti, na wewe huna. Ningeandika kwamba ulikuwa jikoni kwangu tangu asubuhi, likiwafikia wale je? Wangenifungia duka, Mahfudha. Nina watoto."

"Ungesema nilikuja kukusaidia kupanga vitu. Ungesema ni mgeni wako. Ungenyamaza kimya usijibu kabisa! Kulikuwa na haja gani ya kusema huna uhusiano na mimi?"

"Niliandika haraka. Sikufikiria."

"Ulifikiria. Mimi ulinambia nisubiri, huku umeshanikana. Nilipokupigia ukanijibu, 'Nimeshawaandikia.' Kweli, ulikuwa umeshawaandikia."

Kisha Zainab akafanya jambo ambalo Mahfudha alikuja kuliona baya kuliko lile la kwanza. Alikwenda kwenye sanduku la fedha, akachota noti, akarudi kumtilia mkononi. "Hizi hapa. Kalipe, yaishe. Ni faini tu, dada."

Mahfudha alizitazama zile noti. Akaziweka juu ya gunia la mchele, akatoka bila kuaga.

Nyumbani alimweleza Sundus. Binti yule huongea Kiingereza siku zote na mama yake humjibu kwa Kiswahili, lakini siku hiyo hasira zilimtoa Kiswahili fasaha ambacho mama hakujua kama anacho. "Mama, si alikupiga video? Iko kwenye ukurasa wa duka, nimeiona! Anasema mwenyewe kwa mdomo wake. Tuitume sasa hivi."

Wakaifungua. Kweli ilikuwapo: Mahfudha amejifunika na mtandio, moshi wa mafuta, na sauti ya Zainab, "Huyu ndiye dada yangu."

"Bado," alisema Mahfudha. "Nimwambie kwanza. Nikiituma bila kumwambia, nami nitakuwa kama yeye."

"Mama!"

"Nimesema bado."

Akampigia Zainab palepale. Alimwambia bila kupandisha sauti: video iko, na anaweza kuituma. Lakini hataki kumwaibisha. Azungumze na kampuni mwenyewe, awaambie Mahfudha alikuwa mgeni wake, basi. Jiko asilitaje akitaka. Zainab alilia kwenye simu. Akamwapia. "Kesho asubuhi, wallahi, kitu cha kwanza. Ahsante, dada yangu. Mungu akulipe."

Kesho yake jioni Sundus alifungua ukurasa wa duka. Matangazo ya Idi yote yalikuwapo: tende, maandazi, kondoo. Video ya mama yake haikuwapo.

Binti hakusema "nilikwambia." Aliweka simu mezani akaenda kumshika mama yake bega. Mahfudha hakulia siku aliyosomewa na Bridget, wala kule dukani. Alilia hapo. Alilia kwa sababu safari hii hakukuwa na wakaguzi wala haraka ya kusingizia. Alikuwa amemfungulia mtu mlango atoke kwa heshima, na mtu huyo akautumia mlango huo huo kuingia na kuzima taa.

Alipotulia ndipo alipokumbuka kitu. Asubuhi ya Idi Zainab alikuwa amemtumia ile video kwenye simu yake, na maua na mioyo mingi, na maneno, "Bila wewe ningefanyaje?" Alitafuta, akaiona. Haikufutika, kwani ilikuwa kwenye simu yake.

Aliitazama mara moja tu. "Tuma," alimwambia Sundus. "Na uwatafsirie kila neno analosema."

Kampuni ilichukua muda wake, lakini safari hii Bridget mwenyewe ndiye aliyepiga. Dai limefutwa, alisema, na halitafika kwa mkusanya madeni yeyote. Aliongeza kwamba anasikitika, na Mahfudha hakujua anasikitikia barua zile au jambo jingine. Sundus akapata chumba chake.

Wakaguzi wa afya hawakuja. Kampuni ya maegesho haikuwa na habari na mtu anayepika sambusa. Ilichotaka kujua ni gari la nani. Duka likaendelea kama kawaida. Kwa hiyo kumkana kote kule, ukilitazama jambo lenyewe, hakukumwokoa Zainab na chochote.

Ila maneno hayakukosa. Msikitini ikaanza kusemwa kwamba Mahfudha alitaka kulifungisha duka la mwenzake kwa wivu. Wengine wakaacha kumkalia karibu. Mahfudha hakujitetea. Angejitetea angelazimika kumwaga yote: kuanzia Dulles, chumba, uji, kukesha. Naye aliona aibu kuhesabu wema mbele za watu, kama anataka kulipwa.

Abdulghafur alikuja siku moja mpaka mlangoni, kofia mkononi, na boksi la tende. Alikataa kuingia. "Dada Mahfudha, mimi nilijua baadaye," alisema. "Nimemwambia aje mwenyewe. Anaona haya."

"Mwambie haya ni kitu kizuri," alijibu Mahfudha. "Tende nazipokea, kwa kuwa ni zako. Ahsante, kaka."

Zainab hakuja. Alituma ujumbe wa sauti, mrefu, wenye kilio na kuomba radhi. Mahfudha aliusikiliza wote akiwa amesimama jikoni. Mwishoni kabisa Zainab alisema, "Na tafadhali, yaishie baina yetu, wasijue watu." Mahfudha akamjibu kwa maandishi: nimekusamehe, Mungu atusamehe sote. Na kweli alikuwa amesamehe, kadiri alivyoweza.

Siku hizi nyama na mchele hununua Sterling. Ni mwendo, na jioni ya Ijumaa barabara imejaa magari ya watu wa mashirika ya kompyuta, unaweza kukaa foleni mpaka mguu ukafa ganzi. Siku moja Sundus alikuwa naye ndani ya gari, wamekwama, akamwuliza, "Mama, umeshamsamehe. Kwa nini tusinunue pale Annandale? Bado una hasira?"

Mahfudha alitazama taa nyekundu za magari ya mbele.

"Hasira ziliisha zamani," alisema. "Naogopa nikiingia pale atanitania kama zamani, na mimi nitacheka."