Mkasi wa Nguo na Minazi ya Miami

Wiki iliyopita mjukuu wangu alitoka dukani Azaiba na chupa ya mafuta ya kujikinga na jua. Akaifungua ndani ya gari, na kabla hatujafika nyumbani Bawshar harufu ya nazi ilishajaa mpaka kwenye viti. Nikamwambia azibe. "Bibi, kwani hupendi nazi?" Mimi! Mtu niliyelishwa wali wa nazi kabla sijaota meno! Nikamjibu kwamba nazi naipenda sana, ila ile picha ya mnazi kwenye chupa siiamini. Akacheka mpaka akakohoa. Nyinyi msicheke kwanza. Nisikilizeni, kisha mtaniambia kama nna haki au sina.

Tulifika Matrah, huku Omani, tukitoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka wa sitini na nne, miye nna miaka sita. Kaka yake Bibi alitupa nyumba ya vyumba viwili na paa la kulalia wakati wa joto. Tulikuwa wanne: Mama; Bibi, ambaye ni mama yake baba; Ami Khalfan, mdogo wake baba; na mimi. Baba mwenyewe alikuwa kazini Kuwait. Unguja tulikuwa tukiitwa Waarabu, na huku kwa babu zetu tukaitwa Wazanzibari. Majirani walitutazama kwa jicho la pembeni, maana wanawake wetu walicheka kwa sauti na kusema lugha wasiyoijua. Na sisi, kusema kweli, tuliwatazama kwa jicho lile lile.

Bibi ndiye aliyekuwa mkuu wa kushuku. Maziwa aliyachemsha mwenyewe kwa mkono wake, kisha akayanusa kabla ya kuyanywa, kana kwamba amepewa na adui. Mgeni akibisha hodi, Bibi aliuliza kwanza kaja kufanya nini, ndipo akauliza ni nani. Mtu akimsifu, alimkodolea macho mpaka yule mtu akajuta. Nilimpenda mno, na nilimwogopa kidogo.

Basi mwaka wa tatu Baba alituma furushi, na ndani yake, baina ya vitambaa na kopo la chai, mlikuwa na gazeti la picha la Kimarekani. Lilikuwa nene, karatasi zake zinateleza, zina harufu ya rangi na mafuta ya taa. Mama alikuwa mshoni, na Baba alilituma kwa ajili ya mitindo ya nguo. Gazeti zima lilihusu mji mmoja tu wa pwani, unaitwa Miami. Hatukujua kama kitu kama hicho kinaruhusiwa nchini. Siku hizo za sultani wa zamani ilisemekana hata miwani ya jua haitakiwi, na wanawake wote wa Miami walikuwa wameivaa. Kwa hivyo tulilificha chini ya godoro, tukawa tunalitoa mlango ukishafungwa.

Wallahi, sikuwahi kuona mji kama ule. Mahoteli meupe na ya waridi yamejipanga pwani kama keki za harusi. Gari hazina paa. Wazee wa kiume wamekaa juani wanacheza karata, matumbo wazi, wala hawana habari. Na wanawake! Wanawake wamelala kando ya birika la kuogelea, wamevaa vijinguo ambavyo Mama alisema havifiki hata kitambaa cha kufutia cherehani, vichwani wamevaa kofia za mpira zenye maua.

Bibi aliitazama kila picha kama karani anayekagua hati ya kughushi. "Bahari hiyo hapo," alisema, "mbona wamechimba na birika? Bahari yao ina nini?" Tukafungua ukurasa wa usiku wa karamu, ambapo wanawake wamejitanda manyoya ya wanyama mabegani. "Mchana wako uchi kwa joto, usiku wavaa manyoya. Watu hawa wana lao jambo." Kisha akavuta gazeti karibu na uso, akaweka kidole juu ya mnazi uliosimama mbele ya hoteli. "Na mnazi huu hauna nazi. Hauna dafu, hauna hata kidaka. Wamezifanya nini?" Mama akasema huenda wamezikata zisiwaangukie wageni. "Mnazi unakatwa nazi zake kwa ajili ya mtu aliyelala?" Akalisukuma gazeti. Tukaona ameshaudhika, yamekwisha.

Mama aliyageuza magauni ya Miami yakawa magauni ya Maskati. Aliyafunika mabega, akayaongeza mikono mirefu, gauni likabaki la Kimarekani kuanzia kiunoni kwenda chini. Habari zikaenea kwa wanawake, na mwenye harusi akawa haji kutualika bila kushonesha. Ndipo akaanza kuja Umm Zuwena.

Huyu lazima nimweleze, maana kila kitu kilikuwa mkononi mwake. Ami Khalfan alikuwa amemposa Zuwena, binti yake, msichana mpole wa macho makubwa. Posa ilishapelekwa, jibu lilikuwa bado. Ami hakuwa akila vizuri kwa kusubiri. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na nne, karani wa ghala bandarini, anachana nywele mara tano kwa siku, na alimpenda yule binti kwa kumwona mara moja tu akiwa amesimama mlangoni na sinia. Umm Zuwena alisema anakuja kushonesha nguo za binti yake. Sote tulijua anakuja kutukagua. Alikaa kimya, akanywa kahawa, akasema maneno machache ya Kiarabu. Sisi tuliendelea na Kiswahili chetu mbele yake, hatuna wasiwasi, tukimsifu na kumtania palepale alipokaa.

Wakati huohuo humu ndani mkaanza vituko. Siku moja Mama alifungua gazeti akakuta kurasa mbili hazipo. Wiki ya pili hazipo nne. Akanitazama mimi, akamtazama Ami. Mimi nilimshuku Ami, Ami alinishuku mimi, na Bibi alitushuku sote kwa sauti. "Humu ndani mna mtu," alisema kila asubuhi akiwasha chetezo, "na nitamjua." Nilipokuwa nikimsaidia kuzoa majivu ya ubani nikaokota kipande cha karatasi kilichoungua nusu. Ulikuwa mguu wa mwanamke, kucha zimepakwa rangi nyekundu. Nikaruka nyuma. Bibi akaninyang'anya, akautia tena kwenye makaa. "Kuna mtu anatufanyizia," alisema. Nikaamini, na siku tatu sikuingia chumbani peke yangu.

Sasa sikilizeni habari ya mkasi. Mama alikuwa na mkasi wa nguo aliokuja nao Unguja, mzito, mweusi vishikio, na sheria yake ilikuwa moja. Mkasi wa nguo haukati karatasi, maana karatasi hula makali. Mshoni yeyote atakwambia hivyo. Ukikata ukurasa mmoja tu, Mama alijua.

Alasiri hiyo Umm Zuwena alikuwa amekaa juu ya zulia na hariri yake ya kijani imetandazwa. Mama akatia mkasi ukingoni, na badala ya kukata, ukatafuna. Akaujaribu tena. Akauweka chini. Akafungua gazeti kumwonyesha mgeni gauni alilolichagua, na ukurasa wenyewe haupo. Uso wa Mama ulibaki na tabasamu la kumkirimu mgeni, lakini macho yalinigeukia mimi, na kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile ya kuagiza kahawa, akasema, "Nani kauchukua mkasi wangu? Ukinidanganya ntakuchapa leo mpaka uione Unguja."

Sikuuchukua. Lakini mimi ndiye niliyekaa naye kutwa kumshikia pini, na nilijua nikisema sijui, fimbo ni yangu. Bibi alikuwa pembeni na ungo, anachagua mchele. Hakuinua kichwa. "Sema, mtoto," alisema. "Sema kweli."

Nikasema, "Ami Khalfan. Jana. Alikuwa akiwakata wale wanawake."

Mkono wa Bibi ulisita ndani ya mchele. Nilidhani ni aibu ya mwanawe.

Umm Zuwena alitikisa kikombe chake cha kahawa, kuonyesha kwamba ametosheka, akakiweka taratibu. Kisha akafungua kinywa, na Kiswahili kilichotoka kilikuwa safi kuliko changu. "Msikate tena nguo za binti yangu. Nirudishieni vitambaa kama vilivyo." Kumbe yule mama alikulia Pemba, baba yake alikuwa na duka huko. Miezi miwili alikuwa akitusikiliza. Alikunja hariri yake mwenyewe, akajitanda, akatoka, na jibu la posa likaja kesho yake: hapana nasibu, ndiyo kusema wamekataa.

Ami aliporudi kutoka ghalani Mama alikuwa ameshalipekua sanduku lake. Hakupata kitu ila chanuo na barua moja isiyomaliziwa. Ami akachuchumaa mbele yangu, macho yake sawa na yangu. "Uliniona lini?"

"Jana."

"Jana nilikuwa Barka, mwanangu. Nilitoka alfajiri."

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Na mtu yeyote angeweza kwenda kuuliza bandarini kama kweli karani alitumwa Barka, lakini hakwenda mtu. Mama alikuwa na hasira na hasira yake ilishapata pa kukaa. Bibi akasema, "Yaishe." Bibi! Mtu ambaye jambo la miaka ishirini alikuwa hajalimaliza, alisema yaishe. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka, nilifurahi tu kwamba sikupigwa.

Mwezi uliofuata Ami alimfuata Baba Kuwait. Aliagana na kila mtu, na mimi alinishika kichwa tu. Zuwena aliolewa Sur. Na tangu siku ile, kila tukipika wali kwa zile nazi kavu zilizoletwa kutoka Malabari, Bibi aliniwekea ukoko wa chini ya sufuria, ule wenye tui lililoganda. Hakumpa mwingine. Niliona ni mapenzi, nikaula wote.

Ami alirudi mwaka wa sabini, sultani mpya aliposhika nchi na wengi wakarudi. Bibi akafa kabla mwaka haujaisha, na wiki ya kwanza ya matanga Mama alifungua sanduku lake. Chini ya kanga, ndani ya kitambaa cha kuswalia, zilikuwamo kurasa zote za Miami.

Wanawake hawakuwamo. Wamekatwa mmoja mmoja kwa uangalifu, pamebaki matundu yenye umbo lao. Mahoteli yamekunjwa nyuma yasionekane. Iliyobaki ni minazi mitupu. Na kando ya kila mnazi, kwa penseli, kwa herufi za Kiarabu alizosomea chuoni, Bibi alikuwa ameandika: wa kisimani. Wa nyuma ya jiko. Wa mpaka wa kina Bi Time. Huu marehemu aliupanda Khalfan alipozaliwa. Shamba lake zima la Bububu lilikuwa pale, mnazi baada ya mnazi, yule mwanamke aliyetuambia miaka yote kwamba Unguja ameshaisahau.

Mama alilia. Ami aliuchukua ule mnazi wake, akapitisha kidole kwenye tundu la mwanamke, akacheka kidogo huku machozi yanamtoka. "Kumbe mama alikuwa shambani." Kisha akanigeukia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimesimama mlangoni. "Na wewe," aliniuliza, bila ukali wowote, "wewe ulikuwa wapi?"

Ilinichukua miaka mingi, nishakuwa mama mwenyewe, kuelewa kwamba katika nyumba ile mtu mmoja tu alijua kwa yakini kuwa mimi ni mwongo, na ni Bibi. Yeye ndiye aliyekuwa na mkasi. Aliniambia niseme kweli akijua kweli siijui, akasikia namtupa mwanawe, na angeweza kumwokoa kwa neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "mimi." Akaona aibu ya kukutwa na picha za uchi, au aibu ya kukutwa analilia minazi, sijui ipi ilimzidi. Mimi niliogopa fimbo, naye aliogopa kuonekana, tukamwacha Ami aende. Ule ukoko haukuwa mapenzi peke yake. Alikuwa akininyamazisha, na mimi nilikuwa nikishiba.

Ami sasa ana miaka themanini na kitu, anaishi Wattaya, amezungukwa na maduka ya magari asiyoyapenda. Alioa baadaye, akapata mke mwema na watoto. Kila Ijumaa nampelekea mkate wa kumimina. Hufungua mlango kidogo, huinusa sahani kama alivyokuwa akinusa mama yake, halafu huniuliza, "Mkasi kauchukua nani?"

Na kila Ijumaa, nimesimama pale mlangoni, mtu mzima na wajukuu, hujibu, "Kauchukua Bibi, Ami. Na mwongo ni miye."

Ndipo hupokea sahani.